Ziwa Namba Saba

Kyakimwa aliambiwa kwamba shamba lake ni ziwa akiwa amesimama katikati ya ziwa hilo, jembe begani, vumbi limempanda hadi magotini. Aliyemletea habari ni Syauswa, chifu wa ardhi, mzee wa kofia ya sufu asiyoivua hata jua likipasua mawe. Siku hiyo alikuja na karatasi kubwa iliyopakwa plastiki, ameibeba kwa mikono miwili kama abebaye kioo cha dirisha, akaitandaza juu ya kisiki. Ilikuwa ramani ya bonde lao la Kalunguta, imepigwa kutoka juu mbinguni. Mashamba yalikuwa ya kijani, njia za udongo zilikuwa za kahawia, na pale penye shamba la Kyakimwa pamepakwa buluu, kando yake tarakimu 7.

"Muke ya Mathe," Syauswa akasema, "hapa unasimama ni mu maji."

Kyakimwa aliinamisha macho akaitazama miguu yake. Alikuwa mwanamke wa adabu, tena mjane wa mwezi mmoja tu, na mjane wa mwezi mmoja hamjibu chifu upesi.

"Chef, miye hapana ona maji."

"Weye unaangalia na macho mbili. Hii, satellite njo iliangalia."

Ramani ilitoka kwa mradi uitwao Jicho la Bonde, wenye ofisi Butembo, katika mtaa wa Vulamba. Mradi ulitazama ardhi na maji kutoka angani ili wakulima wajue walichonacho, maana mkulima, kama ijulikanavyo na watu wote wasiolima, hajui alichonacho. Machifu waliitwa wakapewa soda na ramani moja moja. Syauswa maishani mwake alishapewa fulana, baiskeli na semina kumi na nne, lakini hakuwahi kupewa kitu kilichopakwa plastiki. Kitu cha plastiki hakinyeshewi, hakichaniki, na kwa maoni yake hakiwezi kukosea.

Ubaya haukuwa katika rangi. Ubaya ulikuwa katika mbuzi. Bondeni kwao ardhi ni ya chifu, na anayelima humpelekea mbuzi wa muhako, ndipo shamba likawa lake na la watoto wake. Baba yake Mathe alipeleka mbuzi, Mathe, marehemu mumewe Kyakimwa, naye akapeleka, na Syauswa hakukana hata mmoja, kwa kuwa aliwala wote. Ila mbuzi wale, alieleza kwa upole mwingi, walikuwa mbuzi wa shamba. Hakuna aliyewahi kuleta mbuzi wa ziwa. Maziwa, chemchemi na misitu hubaki kwa chifu. Tena kulikuwa na Bwana Éliakim, mwuza saruji wa Butembo, aliyekuwa akitafuta mahali pa kufugia samaki, na alikwisha kuja mara moja kuliangalia bonde akiwa na mabuti mapya ya mpira.

Syauswa hakuwa mtu mbaya, na ndiyo maana alimpa muda. Mvua ya mwezi wa tisa ikianza na ramani bado inasema maji, ziwa litakwenda kwa Éliakim. Kyakimwa alikuwa na shamba hilo tu. Maharagwe yasipoingia ardhini kwa mvua ya kwanza, hakuna kingine mpaka mwezi wa tatu, na nyumbani kulikuwa na watoto wanne ambao hawakuwa wamejifunza kuishi kwa kutazamwa kutoka angani.

Walikwenda Butembo wawili, yeye na binti yake mkubwa Jokébed, aliyemaliza shule ya sekondari na kujua Kifaransa cha kusimama mbele ya meza. Walipanda pikipiki moja wakiwa watatu na dereva, na jogoo mapajani, kwa sababu Kyakimwa hakulelewa kuingia nyumba ya watu mikono mitupu. Kwenye kizuizi cha kwanza askari alimtazama jogoo. Kwenye kizuizi cha pili askari alimshika jogoo kifua akasema ana afya nzuri. Jogoo alifika Vulamba kwa neema ya Mungu.

Mlinzi wa ofisi aliwaamuru wavue viatu kwa sababu ya vumbi. Mwanamke mwenye ziwa akaingia pekupeku juu ya vigae, akavalishwa shingoni kadi ya mgeni iliyoandikwa "Visiteur", akaketishwa chini ya picha ya mkono unaokataa bahasha. Kwa ajili ya picha ile jogoo hakuruhusiwa kupita. Alibaki nje na mlinzi, na tangu saa hiyo hakuna aliyemsikia akiwika.

Walingoja hadi saa nane. Aliyewapokea ni kijana aitwaye Jephté, mpole, mwenye koti la mradi lenye mifuko kumi na mbili. Alimwita Kyakimwa mama, akamsogezea kiti, akawafungulia ramani kwenye kompyuta. Bonde likaja karibu, likaja karibu zaidi, mpaka Kyakimwa akautambua mparachichi wa jirani, na njia ya mtoni, na bati la nyumba yake lenye kipande kimoja kipya. Mbele ya bati lile kulikuwa na doa la buluu. Jephté alieleza kwamba mashine haibuni. Inasoma rangi, na rangi hii imeisoma maji. Picha ilipigwa tarehe kumi na tisa ya mwezi wa saba.

Jokébed alishika mkono wa mama yake.

Kyakimwa alisogea hadi pua ikakaribia kioo. Alitazama muda mrefu, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Foto ilipigwa saa ngapi?"

"Saa ine na robo ya asubuyi, mama."

"Ile hapana maji. Ile ni bâche ya Malachie." Akaweka kidole juu ya buluu. "Saa ine na robo Mathe alikuwa angali hapa chini. Tulimutosha kwenda kumuzika saa sita."

Malachie alikuwa mdogo wake Mathe, na kazi yake ilikuwa kukodisha viti na turubai. Siku ya kilio cha kaka yake hakukodisha. Alileta turubai zote nne za buluu, akazisimika kuanzia uani hadi ndani ya shamba, kwa sababu watu walikuwa wengi na Mathe alipendwa. Chini ya buluu ile palikuwa na jeneza, na wazee, na kwaya ya kina mama, na Kyakimwa mwenyewe ameketi juu ya mkeka. Watu wa bonde walikuwa wakimlilia Mathe, na mbinguni mashine ikaandika: maji.

Jephté aliondoa mkono kwenye kompyuta. Alikuwa na mama, na mama huyo alikuwa na shamba, na kwa dakika nzima akawa mtoto wa mtu. Kisha akakumbuka kazi.

"Pole sana, mama. Lakini système hapana futa kintu mupaka image ingine ionyeshe."

"Basi kuya uone weye mwenyewe."

"Kalunguta iko zone rouge." Alionyesha ukutani, palipokuwa na ramani nyingine, ambamo kwao Kyakimwa kote pamepakwa nyekundu. "Assurance yetu, ile bima ya mradi, hapana kubali tufike kule."

"Miye nimetoka kule hii asubuyi."

"Weye hauna assurance, mama," alisema Jephté kwa huruma kabisa.

Alichoweza alikifanya. Aliangalia kalenda, akawaambia kwamba setilaiti itapita tena Alhamisi ijayo, saa ile ile, saa nne na robo. Mbingu ikiwa wazi na shamba likaonekana udongo, ziwa litafutika lenyewe. Wahenga walisema macho hayana pazia, lakini jicho la mradi lilikuwa na pazia moja, wingu, na Kalunguta haina upungufu wa mawingu.

Habari zilifika kabla yao. Jumapili, Mchungaji Ézéchiel aliweka jambo hilo katika maombi. Kazi haikuwa rahisi, kwa kuwa nusu ya waumini walikuwa tayari wanaomba mvua. Mchungaji akamwomba Mungu ayaondoe mawingu Alhamisi asubuhi lakini asiyapeleke mbali.

Alhamisi watu walikuja kabla ya jua, kila mmoja na jembe lake. Kina mama waling'oa kila jani shambani, vijana wakavunja mabonge, na ilipofika saa mbili shamba lilikuwa jekundu na safi kama sakafu iliyofagiliwa. Hata asiye na setilaiti angeona kwamba ni udongo. Saa tatu mawingu yakaondoka. Yaliondoka yote, mpaka kwenye vilima, na jua likashuka juu ya vichwa vya wazee kwa nguvu zote lilizokuwa limezihifadhi mwezi mzima.

Lazima ieleweke kwamba Malachie alikuwa mtu mwema na mtu wa kazi yake. Bondeni kwao, watu wakikusanyika kwako nawe ukawaacha juani, aibu hiyo wataiimba wajukuu. Palipo na watu pana turubai. Hakuna anayeifikiria, kama asivyofikiria paa la nyumba yake. Malachie aliona bibi vizee wakijifunika vitenge vichwani, akaona mchungaji anatoka jasho, na mikono yake ikaanza kazi bila kumuuliza. Siku hizi alikuwa na turubai saba. Tatu alizipata Beni, na tusiulize vipi. Saa nne kamili zote saba zilikuwa zimesimama juu ya shamba, zimevutwa vizuri, bila kunyanzi hata moja. Watu walimshukuru. Mama mmoja alileta sufuria ya ndizi za makemba.

Ilipofika saa nne na robo Mchungaji Ézéchiel alitazama saa yake, akainua mkono, na watu wote wakainua nyuso kuitazama setilaiti.

Wakaona buluu.

Mwanga wa jua ulipita katika turubai ukawapaka wote rangi ya maji, wazee, watoto, sufuria. Jokébed akaanza kukimbia kuelekea nguzo, akasimama katikati ya njia, kwa sababu hata yeye alijua kwamba kitu kinachokwenda kasi ile kilikuwa kimekwisha kufika Uganda.

"Lakini jua ilikuwa kali," akasema Malachie.

Na hakuna aliyeweza kumlaumu, kwa maana jua lilikuwa kali kweli. Kyakimwa aliketi chini juu ya udongo waliomsafishia. Aliona uchungu, aliona hasira, halafu akacheka; alicheka mpaka kina mama wakadhani analia wakaanza kumsaidia.

Siku kumi baadaye redio ya Butembo ilitangaza kwamba Ziwa Namba Saba la Kalunguta limeongezeka karibu mara mbili. Mradi ulieleza kwamba hayo ni matunda ya mafunzo ya kulinda vyanzo vya maji, yaliyofanyika katika hoteli moja ya Beni, chakula cha mchana kikiwemo. Ilisemekana wageni wakubwa watakuja kulitazama, wengine kutoka Kinshasa, wengine kutoka ng'ambo. Syauswa alisikia, akamleta Éliakim na mabuti yake. Éliakim alipima shamba kwa kamba ndefu, akilizunguka kwa uangalifu bila kulikanyaga katikati, na Kyakimwa alimtazama kutoka mlangoni. Mwezi wa tisa ulikuwa umeingia. Upande wa mlimani palikuwa na ngurumo kila jioni. Mbegu zilikuwa kwenye kapu, zimechaguliwa moja moja, na alikwisha kuwakataza watoto mara mbili wasizipike.

Ilibaki siku moja wageni waje, ndipo Jephté akatokea. Alikuja kwa pikipiki ya kukodi, bila koti la mradi na bila assurance, amekonda. Aliomba maji ya kunywa kwanza. Halafu akaomba aonyeshwe ziwa.

Kyakimwa alimpeleka. Alisimama pale, kijana yule wa watu, viatu vyake vyeusi vikawa vyekundu, akageuka upande huu na upande ule. Aliokota bonge la udongo, likavunjika likapita katikati ya vidole vyake. Ramani ameichora mwenyewe, lakini asiyekuwapo na lake halipo, na Jephté hakuwa amewahi kuwapo.

Hakuficha shida yake. Wageni wangesimama ng'ambo, kwenye barabara ya kilima kile, kwa sababu assurance yao iliishia barabarani. Wangetazama bondeni dakika kumi. Wakiona vumbi, mradi umekufa, na kwa mshahara wake alikuwa anasomesha wadogo zake watano. Kwa hiyo alimwomba Malachie, aliyekuwa amekuja kuona mgeni ni nani, amkodishe turubai zote saba, azilaze chini, kwa bei yoyote.

Malachie alishafungua mdomo kutaja bei. Kyakimwa akamwekea mkono begani.

"Hapa tulisimika bâche ju ya Mathe," alisema. "Sasa tuitandike ju ya bageni?"

Jephté aliinamisha kichwa. Mchungaji Ézéchiel, aliyekuwa amepita kwa bahati kama wachungaji wapitavyo penye jambo, alikuna kidevu akasema kwamba turubai ni turubai, na asiyesema kwamba ni maji hajadanganya. Alisema hayo akitazama pembeni.

Kyakimwa alifikiri. Aliyemnyang'anya shamba alikuwa karatasi, hakuwa mtu. Na mtu mwenye kalamu alikuwa amesimama mbele yake. Alimwita Jokébed.

"Andika kwanza," akamwambia Jephté. "Andika kama hii shamba ni yangu, nitalima. Weka cachet. Na ile foto ya kwanza, ya mwezi ya saba, uniletee ku karatasi."

Jephté alisema hawezi kufuta ziwa, mfumo haukubali. Jokébed akajibu kwamba hakuna aliyemwomba afute. Walijadiliana kwa Kifaransa juu ya kisiki kile kile cha Syauswa, mpaka karatasi ikapatikana: kwamba Ziwa Namba Saba ni ziwa la msimu, kwamba siku ambazo maji hayapo mahali hapo ni shamba, na kwamba shamba hilo ni la Kyakimwa Abigaïl, mjane wa Mathe, aliyekwisha kutoa muhako. Jephté akatoa muhuri mfukoni. Kwa bei ya turubai, Kyakimwa alimwacha Malachie aseme anachotaka, na Malachie alisema vizuri.

Kesho yake wageni walisimama ng'ambo, wadogo, wenye kofia, wakapiga picha. Mmoja alionekana akinyoosha kidole, na Jephté alisimulia baadaye kwamba aliuliza kuhusu samaki. Alimjibu kwamba bado. Dakika ya nane mvua ikaja kutoka mlimani bila kubisha hodi, wageni wakakimbilia magari, wamefurahi sana, wakisema kwamba hapa kweli maji yanalindwa.

Kyakimwa alitoka nje kwenye mvua na watoto wake wakakunja turubai. Maji yaliyokusanyika juu yalimwagika yakafunika udongo, na kwa muda wa kama robo saa Ziwa Namba Saba lilikuwapo kweli. Kisha ardhi ikalinywa. Asubuhi alipeleka karatasi kwa Syauswa, ambaye aliuona muhuri akavua kofia, jambo ambalo watu bado wanalizungumza. Alisomewa mara tatu. Ziwa la msimu, alikubali, siku nyingine ni shamba, na mbuzi wa shamba alishaliwa. Éliakim alikwenda kutafuta ziwa lingine upande wa Kirumba. Kabla ya saa sita Kyakimwa alikuwa amepanda mistari kumi na miwili.

Mwezi wa kumi na moja maharagwe yalikuwa yanatoa maua. Siku moja pikipiki ilisimama barabarani, Jephté akashuka kwa miguu hadi shambani, safari hii na koti lake. Alileta mambo mawili. La kwanza lilikuwa picha, imechapwa kwenye karatasi nzuri na kupakwa plastiki. Kyakimwa aliipokea kwa mikono miwili. Hakuwa na picha nyingine ya siku ile ya kilio. Mwenye kupiga picha alikuwa ameitwa, lakini akakwama kwenye kizuizi. Aliitazama buluu, akapapasa plastiki kwa kidole gumba pale ilipokuwa jeneza, akaifunga katika kitenge.

La pili lilikuwa fomu. Setilaiti ilikuwa imepita, na mbingu ilikuwa wazi, na Ziwa Namba Saba lilikuwa limetoweka. Kinshasa walishtuka. Ofisi ya Butembo ilitakiwa kueleza katika wiki mbili ni nini kimekausha ziwa lenye ukubwa ule katika siku chache. Fomu ilikuwa na visanduku vya kutia alama: tabianchi, mmomonyoko, vita, nyingineyo.

"Nitaandika nini, mama?" Jephté akauliza. Hakuwa anafanya mzaha.

Kyakimwa alisimama wima, akajinyoosha mgongo. Alitazama mistari yake yote, kutoka mlangoni hadi njia ya mtoni. Pale uani palipoishia shamba, ambapo kina mama wa kilio walikuwa wamepika siku tatu na kumwaga majivu, maharagwe yalikuwa marefu kuliko mahali pengine pote.

"Andika ile ya mwisho."

"Nyingineyo. Lakini banaomba kueleza."

"Eleza kama ni miye," alisema. "Kyakimwa, muke ya Mathe. Nilikuwa na jembe moja."

Jephté akaandika. Kyakimwa akainama, akaendelea kupalilia.